Kubebeana Mizigo, Kuanzia na Mtungi wa Maji

SOMO LA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Maandiko ya kusoma: Luka 13:10-17, Wagalatia 6:2-5
Maandiko ya kusaidia: Mithali 11:13, Marko 14:13, Luka 1:39-56
Lengo la somo: Tujue jinsi ya kusimama na dada anayeugua kizazi kushuka, kabla ya matibabu, wakati wa matibabu na baada yake.



Wiki hii tunaingia Wagalatia sura ya 6, pale Paulo anapotuagiza kubebeana mizigo. Ni andiko tunalolipenda. Tunaliweka kwenye kadi za harusi na kwenye karatasi za mchango. Lakini ni vigumu kumsaidia mtu kubeba mzigo ambao haujatajwa. Kwa hivyo leo tunautaja mmoja: kizazi kushuka. Wengine husema nyumba ya mtoto imeteremka, au mama anatokwa na kizazi. Ni shida ambayo akina mama wengi wanaishi nayo, na ni mara chache sana utaisikia ikitajwa kwenye maombi, hata yale ya akina mama peke yao.

Najua kuna mzee ameona mada hii na tayari anafungua ukurasa wa matangazo. Ndugu, rudi. Kuna sehemu yako hapa, na bila wewe somo halitakamilika. Mimi pia ni mwanaume, na kabla ya kuandika niliketi na mama zetu wazee wa kanisa na dada zetu manesi. Mengi ya hapa chini ni yale waliyonifundisha.

1. ALIKUWA NDANI YA SINAGOGI

Fungua Luka 13. Yesu anafundisha siku ya Sabato, na ndani ya sinagogi kuna mwanamke ambaye mgongo wake umepinda kwa miaka 18. Hawezi kujinyosha kabisa. Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, mwanamke huyu hakuwa mpotevu. Alikuja ibadani. Mtu mwenye maumivu ya miaka 18 angekuwa na sababu ya kukaa nyumbani, lakini yeye alikuja.

Pili, hatuambiwi kwamba aliomba chochote. Yesu ndiye aliyemwona, akamwita, akasema naye, akaweka mikono juu yake. Watu wengine walikuwa wamemzoea. Ukimwona mtu ameinama kwa miaka mingi, unafikiri hivyo ndivyo alivyo.

Tatu, mkuu wa sinagogi alikasirika kwa sababu ya utaratibu. Yesu akamjibu kwa mfano ambao kila mfugaji anauelewa: hata siku ya Sabato mtu humfungua ng'ombe au punda wake akampeleka kunywa maji. Ikiwa mnyama anahurumiwa, je, binti wa Ibrahimu asifunguliwe?

Ni Luka peke yake, kati ya wale wanne walioandika Injili, anayetupatia habari hii. Na Luka alikuwa tabibu, Wakolosai 4:14. Aliona kitu ambacho jicho la daktari huona.

Sasa tulete jambo hili hapa kwetu. Kuna mama alikuwa anaruka wakati wa sifa, siku hizi anasimama tu na kupiga makofi polepole. Alikuwa anakaa mbele, sasa anakaa nyuma karibu na mlango, kwa sababu akichelewa kufika chooni mkojo utamtoka. Kwenye kesha anaondoka mapema. Na sisi tunasema, "Mama fulani amepoa siku hizi." Kumbe hajapoa. Akiruka anahisi kitu kinashuka. Akisimama saa mbili anahisi uzito kama jiwe chini ya tumbo. Anampenda Yesu vile vile, lakini mwili wake una shida ambayo hajapata mtu wa kumwambia.

2. SHIDA YENYEWE NI GANI?

Chini ya tumbo la mwanamke kuna misuli na kano zilizotandazwa kama neti, kutoka mfupa wa mbele mpaka wa nyuma. Neti hii inashikilia kibofu cha mkojo, kizazi, na sehemu ya mwisho ya utumbo. Ikilegea au ikichanika, kiungo kimoja au zaidi huteremka na kusukuma ukuta wa uke. Kinaweza kushuka kidogo tu, mama asijue, au kinaweza kutoka nje kabisa.

Dalili ambazo manesi wanasema tuzijue ni hizi: kuhisi uzito au kuvutwa chini, hasa jioni baada ya kazi, kuhisi au kuona uvimbe ukeni, maumivu ya kiuno, mkojo kutoka ukikohoa au ukicheka, au kushindwa kuumaliza, kupata choo kwa shida, na uchungu wakati wa tendo la ndoa. Mara nyingi mama akilala anapata nafuu, akisimama inarudi.

Inatokana na nini? Sababu kubwa ni kuzaa kwa njia ya kawaida, hasa kuzaa mara nyingi, uchungu uliochukua muda mrefu, au mtoto mkubwa. Umri unachangia, kwa sababu hedhi ikikoma homoni hupungua na misuli hupoteza nguvu. Halafu kuna kila kitu kinachosukuma tumbo chini siku baada ya siku: kubeba mizigo mizito, kikohozi kisichoisha, kukosa choo mara kwa mara, na uzito mwingi wa mwili. Kuna wengine wamezaliwa na kano dhaifu, na unaweza kuona shida ile ile kwa mama na kwa binti yake.

Wataalamu wanasema karibu nusu ya wanawake waliozaa, wakipimwa, huonekana na kiasi fulani cha kulegea huku, ingawa wengi wao hawana dalili yoyote. Kwa hivyo kama kikundi chako kina akina mama kumi, usidhani mada hii ni ya kanisa lingine.

Tuseme pia kile ambacho siyo. Siyo saratani. Haiambukizi. Siyo laana ya ukoo. Siyo ushahidi kwamba mama alikosa uaminifu katika ndoa, na yeyote anayesema hivyo anamzulia dada yake uongo. Ugonjwa huu ni wa zamani sana. Madaktari wa Wayunani wa kale walijaribu kuzuia kizazi kwa nusu ya tunda la komamanga.

Tena tusiichanganye na nasuri, ile hali ambapo mkojo au choo hutoka bila kukoma kupitia tundu lililotokea wakati wa uchungu wa kuzaa. Hizo ni shida mbili tofauti na matibabu yake ni tofauti. Zote mbili zinatibika, na anayepaswa kusema ni ipi ni mhudumu wa afya aliyempima mama.

3. MATIBABU YAPO, NA HAYAGOMBANI NA MAOMBI

Sisi ni kanisa linaloamini uponyaji. Tunawekea wagonjwa mikono, na hatutaacha. Lakini Mungu yule yule tunayemwomba ndiye aliyempa daktari akili. Kwa hivyo tujue hospitali ina nini.

Njia ya kwanza ni mazoezi ya misuli ya nyonga. Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliyaandikia mwaka wa 1948, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Mama anakaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, anashika akihesabu polepole mpaka tano, anaachilia, anapumzika, anarudia mara kumi. Anafanya hivyo mara tatu kwa siku. Akizoea anaweza kuhesabu mpaka kumi. Asizuie pumzi, na asiyafanye akiwa anakojoa. Ataona tofauti baada ya miezi mitatu au minne, siyo baada ya wiki moja. Yanasaidia zaidi kizazi kikiwa hakijashuka sana, na mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumwonyesha kama anakaza misuli inayofaa. Uzuri wa mazoezi haya ni kwamba unaweza kuyafanya ukiwa umeketi kanisani wakati wa matangazo, na hakuna atakayejua. Na matangazo yetu, wapendwa, ni marefu ya kutosha.

Njia ya pili ni pesari. Hii ni pete laini, nyingi za siku hizi ni za silikoni, inayowekwa ukeni ili kushikilia viungo visishuke. Zina saizi mbalimbali, na mara nyingine mama atajaribu moja au mbili kabla ya kupata inayomkaa vizuri. Inahitaji kutolewa, kusafishwa na kukaguliwa kwa muda ambao kliniki itapanga. Inamfaa mama ambaye bado anataka kuzaa, ambaye hawezi kufanyiwa upasuaji kwa sababu za kiafya, au ambaye hataki tu kupasuliwa.

Njia ya tatu ni upasuaji. Daktari anaweza kukaza na kushona kuta zilizolegea, kuinua kizazi na kukifunga mahali pake, au kukiondoa. Kwa kawaida mama aliyemaliza kuzaa ndiye anayeshauriwa njia hii. Hapa mama ana haki ya kuuliza maswali yote: Mtanifanya nini hasa? Kizazi kitabaki? Kuna hatari gani? Shida inaweza kurudi? Jibu la swali hilo la mwisho ni ndiyo, inaweza kurudi kwa baadhi, na ndiyo maana sehemu ya 4 ya somo hili ina umuhimu.

Maonyo matatu kwa sisi tunaoomba. Ukimwombea dada, usimwambie aruke ili aonyeshe imani. Usimwambie atoe pesari au aache kliniki kwa sababu "amepokea"; kama Bwana amemponya, daktari akimpima ataona, na utukufu utarudi kwa Mungu. Na usimwekee mfungo mkavu mtu aliyetoka kushonwa, kwa sababu anahitaji maji na chakula ili choo kiwe laini.

Na onyo moja kwa wanaouza dawa mtaani na kwa wanaowanunulia. Usiweke majani, unga, kitambaa au kitu chochote cha nyumbani ndani ya mwili ili kurudisha kizazi. Mtu anaweza kuungua au kupata maambukizi, na kutibu hayo ni gharama nyingine juu ya ile ya kwanza.

4. HESABU YA MTUNGI

Mimi nilisomea mambo ya biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, kwa hivyo mnipe ruhusa nipige hesabu kidogo.

Baada ya upasuaji, mama kwa kawaida huambiwa asibebe kitu kizito kwa wiki sita hivi. Wengine huambiwa mpaka wiki kumi na mbili. Daktari wake ndiye atakayempa kipimo. Kizito maana yake ni nini? Manesi wanasema katika siku za kwanza afikirie birika la chai lililojaa, asipite hapo. Ndani kunashonwa kama nje kunavyoshonwa, tofauti ni kwamba mshono wa ndani hauuoni, na unapona polepole.

Sasa tuchukulie nyumba ya watu sita, haina maji ya mfereji, inatumia mitungi mitano ya lita ishirini kila siku. Lita moja ya maji ni kilo moja. Wiki sita ni siku 42. Mitungi mitano mara siku 42 ni mitungi 210. Mara kilo 20, hiyo ni kilo 4,200. Zaidi ya tani nne!

Hayo ni maji tu. Hatujaweka kuni, gunia la makaa, blanketi zilizolowa, sufuria ya githeri, wala mtoto wa miaka miwili anayelia abebwe.

Tunamwombea dada yetu anapoingia chumba cha upasuaji, tunaimba anapotoka, halafu tunamrudisha kwa tani nne za maji. Siku ya nane nyumba haina maji, watoto wanaenda shule, mzee yuko kazini, anaona haya kuomba, anachukua mtungi. Mshono ukilegea anarudi mwanzo: nauli upya, foleni upya, pengine kisu upya. Kazi ya kurudiwa ndiyo ghali kuliko zote.

Lakini gawanya hesabu hiyo. Kama kikundi kina akina mama kumi na wanne, mitungi 210 ni mitungi 15 kwa kila mmoja katika wiki sita. Hiyo ni mitungi miwili au mitatu kwa wiki. Mzigo ambao ungemuumiza mtu mmoja unakuwa kazi ndogo ya watu kumi na wanne.

Hapo ndipo Wagalatia 6 inafunguka. Watu huuliza, mbona mstari wa 2 unasema tubebeane, na mstari wa 5 unasema kila mtu abebe wake? Katika Kigiriki ni maneno mawili. La mstari wa 2 ni uzito unaomlemea mtu. La mstari wa 5 ni furushi la kawaida ambalo mtu anaweza kulibeba mwenyewe. Dada yetu ana furushi lake: kumeza dawa kwa wakati, kurudi kliniki, kufanya mazoezi, kusema ukweli kwa daktari. Hilo hatuwezi kumbebea. Lakini tani nne za maji ni uzito, na Paulo anasema tukiuchukua tunaitimiza sheria ya Kristo.

Mtanisamehe nikisema hivi: kwa mama huyu, mstari wa 2 unaanza na mtungi.

5. KAZI YA DADA KWA DADA

Kazi ya kwanza ni ya mdomo. Mithali 11:13 inamtenganisha msengenyaji na mtu wa kuaminika kwa kitu kimoja: mmoja hutoa siri, mwingine huifunika. Tuseme ukweli, siku hizi umbeya umepata nguo ya maombi. "Wapendwa, tumwombee Mama fulani, ana shida za chini, msimwambie mtu." Inatumwa kwa kundi la WhatsApp la watu 180. Kanuni yetu iwe rahisi: jina lake na ugonjwa wake havitoki mdomoni mwako bila ruhusa yake. Akikubali watu wawili wajue, ni wawili. Tukihitaji watu zaidi wa kusaidia kazi, tunasema tu, "Dada yetu ametoka hospitali, hawezi kubeba vitu vizito." Inatosha. Na asilazimishwe kutoa ushuhuda. Akitaka siku moja kusimama, asimame kwa hiari yake.

Kazi ya pili ni kusindikiza. Mama anaweza kukaa miaka kwa sababu anaogopa kwenda peke yake, hajui atamwambia nini karani wa mapokezi mbele ya watu wote. Nenda naye. Mwanzo si lazima iwe hospitali kubwa. Kituo cha afya kilicho karibu, au mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka mtaani, anaweza kumwelekeza, na akihitaji rufaa ataipata hapo kuelekea hospitali ya kaunti yenye daktari wa magonjwa ya wanawake. Mwulize dada kama angependa uingie naye ndani au umngoje nje. Mwandikie maswali kwenye karatasi, kwa sababu mtu akiwa na hofu husahau nusu ya alichotaka kusema. Hakikisheni mapema kama amesajiliwa SHA, na muulize hospitali kabla ya tarehe: bima italipa nini, na sisi tutalipa nini. Mchango ukusanywe kabla, siyo wakati mgonjwa ameshazuiliwa wodini kwa sababu ya bili. Na siku ya kurudi nyumbani mtafute gari. Boda boda kwenye barabara ya mashimo haimfai mtu aliyeshonwa.

Kazi ya tatu ni kukaa. Luka 1 inatuambia Maryamu alimwendea Elisabeti, mama mzee aliyekuwa na mimba ya miezi sita, akakaa naye kama miezi mitatu. Tunakumbuka salamu zao na wimbo wa Maryamu, tunasahau ile miezi mitatu. Msichana alikaa katika nyumba ya mama mzee mjamzito. Sidhani alikuwa ameketi tu. Na miezi mitatu ni wiki kumi na mbili, karibu sawa na muda ambao mama aliyefanyiwa upasuaji huchukua mpaka arudie kazi zake zote. Kwa hivyo pangeni kwa kalenda. Wiki mbili za kwanza anahitaji mtu kila siku: maji, kupika, kufua, kupangusa sakafu, watoto. Wiki ya tatu mpaka ya sita anaanza kutembea na kufanya kazi nyepesi, na hapo ndipo hatari iko, kwa sababu anajisikia vizuri na wageni wamepungua. Msimwache hapo. Baada ya wiki ya sita, daktari akishampima, anarudi kazini kidogo kidogo.

Mpelekeeni chakula kinachomsaidia: mboga za kienyeji, maharagwe au ndengu, papai, matunda, na maji ya kutosha. Mgonjwa aliyekosa choo atajisukuma, na kujisukuma ni sawa na kuinua mzigo. Mkate mweupe na soda tunazobeba wodini ni upendo, lakini papai ni upendo unaosaidia zaidi.

Anayekaa naye ajue dalili za kurudi hospitali mara moja: homa, damu nyingi, uchafu wenye harufu mbaya, kushindwa kukojoa, maumivu makali yanayozidi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi. Hapo hatungoji mpaka ibada iishe. Tunaomba tukiwa ndani ya gari.

Kazi ya nne ni ya sisi sote ambao bado tuko wazima. Akina mama wafanye mazoezi pamoja, wakumbushane. Msaidieni mama aliyejifungua juzi asirudi kwa mtungi na jembe mapema. Ukiinua kitu, kunja magoti, kishike karibu na mwili, toa pumzi unapoinua. Beba mtungi wa lita kumi mara mbili badala ya ule wa ishirini mara moja. Kikohozi cha miezi, kitibiwe. Na mama wazee, waambieni wasichana wetu mambo haya kabla hawajaolewa, ili siku wakiona dalili wasifikiri wamelogwa.

6. NENO KWA WANAUME

Soma Marko 14:13. Yesu anawatuma wanafunzi wawili mjini kuandaa Pasaka, na ishara anayowapa ni mwanaume aliyebeba mtungi wa maji. Wamfuate huyo. Katika nchi ile kuchota maji ilikuwa kazi ya wanawake, kwa hivyo mwanaume mwenye mtungi angeonekana haraka barabarani. Hatujui jina lake. Tunajua tu kwamba mtungi wake uliwaongoza wanafunzi mpaka kwenye chumba cha karamu ya Bwana.

Ndugu yangu, kama mke wako ametoka hospitali, wewe ndiye huyo. Majirani wataangalia. Acha waangalie.

Kuna jambo lingine la faragha. Baada ya upasuaji, mama hutakiwa kupumzika na tendo la ndoa, kwa kawaida kama wiki sita, mpaka daktari aseme amepona. Paulo katika 1 Wakorintho 7:5 anajua kwamba kuna muda ambao mume na mke hukubaliana kungoja. Kubali bila kununa, na usimfanye alipie ugonjwa wake mara ya pili. Ikiwezekana fuatana naye kliniki usikie kwa masikio yako. Na kabla ya hayo yote, kama amekuwa akikuepuka chumbani kwa miezi, usikimbilie kumshuku. Muulize kwa upole kama anaumwa. Pengine amekuwa akingoja mtu wa kumuuliza.

7. KWAKO UNAYESOMA KIMYA

Pengine unasoma somo hili na hakuna mtu anayejua ni lako. Umejifunza kukaa kwa upande. Unavaa pedi kila siku na kusema ni hedhi, na hedhi ilikoma zamani. Mama yangu, dada yangu, yule mwanamke wa Luka 13 aliishi hivyo miaka 18, na siku Yesu alipomwona hakumuuliza mbona alichelewa. Alimwita karibu.

Huna haja ya kuambia kanisa zima. Mwambie mtu mmoja wiki hii: Mama Mchungaji, kiongozi wa kikundi chako, nesi unayemwamini, au binti yako. Mtu mmoja anatosha kuanza.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika Luka 13:10-17, nani alikuwa amemzoea yule mwanamke? Ni nani ambaye sisi tumemzoea?
2. Wagalatia 6:2 na 6:5: kwa mama aliyetoka kwenye upasuaji, taja mizigo ya kubebewa na furushi lake mwenyewe.
3. Tunawezaje kuombeana bila kutoa siri? Kubalianeni kanuni ya kikundi chenu.
4. Pigeni hesabu ya mitungi kwa nyumba za mtaa wenu. Mko watu wangapi? Kila mmoja atabeba mingapi?

HATUA YA WIKI

Kila kikundi kichague akina mama wawili wenye kifua cha kutunza siri, wawe wa kuendewa na yeyote mwenye shida hii. Wanaume wa kikundi waandike ratiba ya maji, tayari kwa siku itakapohitajika, bila kuuliza ni ya nani.

TUOMBE

Baba, katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa sababu unamwona binti yako hata kabla hajasema. Mpe ujasiri wa kumwambia mtu mmoja. Wape madaktari na manesi mikono thabiti. Ponya, Bwana, kwa njia utakayoichagua. Na sisi utupe midomo inayotunza siri, na mikono isiyoona haya kushika mtungi. Amina.